Kwa wazazi wanaokaa mabenchi ya nyuma mahakamani

Wazazi wenzangu, salamu.

Kwa miaka 29 nilikuwa karani mkalimani katika mahakama za hapa Pwani ya Kenya. Kazi yangu ilikuwa kusimama kati ya hakimu na kizimba, nikimpa huyu maneno ya yule. Nyinyi mlikuwa nyuma yangu, mkijipepea kwa ncha za leso. Leo nawaandikia juu ya dakika chache ambazo wengi wenu huzipoteza, zile zilizo baina ya mtoto kupatikana na hatia na adhabu kutajwa.

Hapo ndipo kilio huanza. Wengine hutoka nje kupiga simu, wakitafuta pesa za faini ambayo bado haijatozwa. Na hapo hapo hakimu huuliza: una lolote la kusema kabla sijatoa adhabu? Kijana, koo limemkauka, hujibu kama walivyojibu wenzake wote: "Naomba msamaha, familia inanitegemea." Nimeyafasiri maneno hayo mpaka ulimi ukawa unajiendea wenyewe. Mahakimu niliowatumikia waliandika kwa mkono, nami nilizoea kuitazama kalamu. Kwa "familia inanitegemea" iliandika mstari mmoja, ikalala.

Asubuhi moja haikulala. Kijana alikuwa ameiba mashine ya mashua na akakiri siku ya kwanza. Kabla kesi haijarudi, mamake na babake mdogo walikwenda kwa mvuvi mwenye mashine, wakampeleka ilikofichwa, propela imevunjika. Mvuvi hakuwasamehe. Alitaka alipwe propela na siku 11 ambazo hakuingia baharini. Wakaelewana kijana afanye kazi kwenye mashua yake na fungu lake likatwe mpaka deni liishe. Mvuvi mwenyewe akaja kuyasema hayo mbele ya hakimu, akiwa bado ana hasira. Afisa wa probesheni, anayemwandikia hakimu ripoti juu ya mkosaji na kwao, naye alikuwa amefika nyumbani, akazungumza na chifu na majirani. Kijana akapata kifungo cha nje, miaka miwili chini ya uangalizi.

Wiki ile ile mwingine aliyeiba simu alifungwa mwaka mzima. Mabenchini mkanong'ona: hongo. Sisemi hongo haijawahi kuingia mahakamani, mvi zangu zingenisuta. Lakini ripoti ya huyo wa simu niliisoma: kosa la tatu, na afisa alipobisha nyumbani kwao watu walijifungia ndani wasimwone. Hakimu angeshika nini?

Wengi hudhani adhabu ni kama bei ya sukari, kosa fulani miaka fulani. Sivyo. Wizi wa kawaida, kifungu cha 275 cha Kanuni ya Adhabu (Penal Code), una kikomo cha miaka 3. Hapo ndipo hakimu asipovuka, lakini chini yake ana uwanja mpana: kumwachilia kwa masharti, faini, probesheni, au kazi za huduma kwa jamii chini ya sheria ya 1998. Miongozo ya adhabu ya Idara ya Mahakama inamtaka atazame mengi kwa pamoja. Mkosaji aonje matokeo ya kosa lake, wengine waogope, jamii ilindwe, aliyekosewa apate haki yake, na mtu mwenyewe arekebike. Mambo haya huvutana. Anayemfikiria mwenye duka aliyevunjiwa mara nne ataongeza. Anayemtazama mvulana wa miaka 19 atapunguza. Nimewaona mahakimu wakiahirisha wiki mbili kwa sababu ya mvutano huo, nanyi mkidhani wanachelewesha makusudi.

Hata kwa mauaji, ambako kwa miaka mingi jaji hakuwa na la kupima ila kutamka kunyongwa, Mahakama ya Upeo iliufungua mlango tarehe 14 Desemba 2017 katika kesi ya Muruatetu. Ikataja ya kutazamwa: umri, kama ni kosa la kwanza, kama alikiri, tabia yake, majuto, uwezekano wa kubadilika. Julai 2021 ikafafanua kwamba uamuzi ule ulihusu mauaji peke yake. Kwa hiyo waambieni vijana wenu mapema kuhusu wizi wa mabavu. Anayepora akiwa na mwenzake mmoja tu, au akiwa na silaha, au akimpiga mtu, yumo katika kifungu cha 296(2), na adhabu iliyoandikwa pale ni kifo. Kweli, hakuna aliyenyongwa Kenya tangu 1987, lakini maisha gerezani si habari ya kujifariji nayo.

Na kwa kesi ya mnajisi wa mtoto, msimwendee hakimu na mbuzi wa suluhu. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 imeweka viwango vya chini. Mtoto wa miaka 11 kushuka ni maisha, wa 12 hadi 15 si chini ya miaka 20. Mwaka 2024 Mahakama ya Upeo ilisema hakimu hana ruhusa ya kushuka chini ya hapo. Mimi nasema afadhali. Nimewafasiria watoto wale.

Kwa kesi nyingine, fanyeni kazi kabla ya siku yenyewe. Afisa wa probesheni akija, mfungulieni, mwambieni na mabaya, kwa kuwa jirani atamwambia. Kama kijana anasomea ufundi, fundi wake aje mwenyewe. Kama mmelipa kitu, leteni karatasi. Hesabuni siku alizokaa rumande, mkamkumbushe wakili, au kijana azitaje kwa sauti. Kifungu cha 333(2) cha sheria ya mwenendo wa kesi za jinai (Criminal Procedure Code) kinataka zizingatiwe, na nimeona zikisahauliwa.

Akifungwa, ulizeni palepale hesabu ya kifungo, maana wengi hupunguziwa thuluthi kwa tabia njema. Mkiona adhabu imezidi, rufaa ina siku 14. Msizimalize matangani nyumbani kana kwamba mtu amekufa. Kesho yake asubuhi rudini, dirisha la masjala hufunguliwa mapema, mwombeni karani nakala ya mwenendo wa kesi. Akiwaambia njooni wiki ijayo, kaeni hapo hapo kwenye benchi.

Mzee wenu,
mkalimani mstaafu