Si kila sahani ya buluu ni ya Uchina au ya Ulaya

Mhariri,

Wanaowatembeza wageni katika majumba ya kale ya Lamu hugawa vyombo vya zidakani (vishubaka vya ukutani) mafungu mawili: vya Kichina na vya Kizungu. Mwajemi hatajwi, ilhali yeye ndiye aliyesimama katikati ya hao wawili.

Msitazame ua lililochorwa, tazameni mahali palipovunjika. Kauri ya Kichina imeshikana na inang'aa hadi ndani, na kipande chembamba kikiinuliwa juani mwanga hupenya. Cha Kiajemi kina chembechembe nyeupe kama sukari, na ganda lake la kioo huingia nyufa na kubanduka. Sababu ni mchanganyiko wake. Abu'l-Qasim wa Kashan, mji wa Uajemi, mtu wa ukoo wa wafinyanzi, aliuandika mwaka 1301: sehemu 10 za jiwe jeupe lililosagwa, 1 ya kioo kilichosagwa, 1 ya udongo mweupe. Udongo ukiwa mchache hivyo, donge halina mnato na ni gumu kulivuta kwenye gurudumu.

Sahani ya Delft, Uholanzi, ina udongo wa manjano chini ya ganda jeupe zito lililotiwa bati, ambalo hudondoka kwanza kwenye mdomo. Ufundi huo wa bati ulistawi Iraq karne ya 9, ukapitia Hispania na Italia. Ya Kiingereza ya karne ya 19 mara nyingi picha yake ilihamishwa kutoka karatasini. Tafuteni mshono ambapo mistari haikutani.

Kukopana hakukwenda upande mmoja. Wachina walichorea kobalti (madini yatoayo rangi ya buluu) ya Uajemi, Waajemi nao wakaiga kauri ya Kichina. Utawala wa Ming ulipoanguka mwaka 1644 na bidhaa za Uchina zikaadimika, kampuni ya Waholanzi ilinunua vyombo vya Uajemi, vikiwemo vya Kerman, na baadhi vikauzwa Ulaya kwa jina la Uchina. Baadaye William De Morgan, mfinyanzi wa Uingereza, alihangaika miaka mingi kuipata rangi ya dhahabu ambayo mafundi wa Kashan waliitoa kwa kuchoma mara ya pili kwa moshi.

Mitungi ya buluu-kijani ya Shanga na Manda, magofu ya miji ya kale katika visiwa vya Lamu, ni jambo jingine. Huitwa ya Kiajemi, lakini udongo wake laini wa manjano unaelekeza kusini mwa Iraq. Na hata kingekuwa cha Kashan kweli, kigae huthibitisha biashara, hakithibitishi kwamba nasaba ya mtu ni ya Uajemi.

Kigae kilichoko kwenye magofu kiachwe hapo hapo. Kukichimbua bila kibali ni kosa kwa sheria ya turathi ya Kenya ya 2006. Sahani za nyumbani zisisuguliwe kwa ndimu wala siki, maana asidi hula ganda. Kilichokaa baharini kilowekwe maji yasiyo na chumvi yanayobadilishwa kila siku kwa wiki kadhaa. Kikikaushwa na chumvi yake, chumvi hiyo huganda chini ya kioo na kukisukuma kitoke.

Msomaji wenu,
Mkomani, Lamu