Roketi ya mjukuu wangu iko tayari, tunaomba uwanja

Kwako Mhariri,

Nimepuliza rangi magari hapa Mombasa kwa miaka 31. Kazi ya mwisho iliyopita mikononi mwangu ni roketi ndogo, urefu wake kama kutoka kiwiko hadi ncha za vidole.

Mwanangu aliileta kutoka Marekani ikiwa vipande ndani ya boksi: bomba la karatasi ngumu, pua ya plastiki, kibao cha balsa (mbao nyepesi sana) cha kutolea mapezi matatu, lastiki na mwavuli wa kuishusha. Mwenyewe ni mjukuu wangu wa miaka 12. Mimi nilikuwa msaidizi.

Alitaka ipakwe rangi siku ile ile. Nikamwambia, mama, balsa ina vinyweleo. Ukiipulizia hivi hivi itainywa rangi yote na mistari ya mbao itabaki kuonekana. Tukapaka sila, rangi ya kuziba vinyweleo, ikikauka tunapiga msasa namba 400, tunapaka tena. Koti nne. Alipopitisha kidole kwenye pezi akakuta limekuwa kama kioo, akasema, "Babu, kumbe!" Nimefundisha vijana wengi gereji, na neno hilo huniambia kwamba kazi imeingia.

Mapezi tuliyabandika kwa gundi ya mbao, koti mbili: ya kwanza inaachwa ishike kidogo, ya pili ndiyo inayofunga. Rangi ilitaka subira zaidi. Hewa yetu ya pwani ina unyevu, na ukipuliza alfajiri rangi huota ukungu mweupe. Tulingoja saa nane mchana, jua kali, tukapuliza nyembamba nyembamba, rangi ya chungwa ili ionekane ikianguka majanini.

Kisha tukaijaribu. Tuliweka ndani kipande cha mbao cha gramu 24 hivi badala ya mota, yaani injini ya kuirusha, tumekipima kwa mizani ya sonara jirani yetu. Tukaifunga uzi pale inapojisawazisha, nikaizungusha uani. Pua ilitangulia, haikupinduka. Hiyo ni dalili kwamba itapaa bila kupinduka.

Lakini mota hatuna. Mota yake ni baruti iliyoshindiliwa, haibebwi kwenye mizigo ya abiria wa ndege, na sikatai sheria hiyo. Mjukuu wangu anajua kwa moyo maana ya C6-5, jina la mota yake: nguvu ya wastani ya nyutoni 6, kisha sekunde 5 kabla ya mwavuli kusukumwa nje. Anajua pia kwamba huwashwa kwa umeme wa betri, watu wamesimama mita 5 au zaidi. Yote hayo ameyasoma, hajayaona.

Ninachoomba ni hiki. Shirika la Anga za Juu la Kenya, pamoja na serikali ya kaunti na polisi, watutengee siku moja kwa mwaka na uwanja mpana. Mota ziagizwe na zitunzwe na wao, mtoto aje na roketi aliyoijenga, mtaalamu aikague kwanza. Nahimiza hili kwa sababu nimeona wavulana mtaani wakikwangua vichwa vya viberiti na kuvishindilia ndani ya vyuma. Hao nao wanataka kuona kitu kikipaa, na hakuna aliyewaonyesha njia isiyokata vidole.

Pwani hii si ngeni kwa mambo haya. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kumbukumbu ya uhuru wetu, setilaiti ya kwanza ya kuchunguza miali ya eksirei ya angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini huko Ngomeni karibu na Malindi. Ikaitwa Uhuru.

Shule yoyote ya Mombasa itakayotaka kuanza, nitakuja kuwafundisha watoto kupiga msasa na kupuliza rangi, bila malipo, na msasa nitaleta mwenyewe. Mjukuu wangu ameshapaka mwavuli poda ya mtoto usigandane, na kila Jumamosi anaukunja upya.

Fundi rangi mstaafu,
Majengo, Mombasa