Tangi la aksolotli likomae kwanza

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwasihi wanaotamani kufuga aksolotli, mnyama wa majini mwenye mkia aliye amfibia kama chura: tangi na mnyama visinunuliwe siku moja. Maji ya tangi jipya hung'aa, kumbe ndiyo yanayoua. Kinyesi na mabaki ya chakula hutoa amonia inayounguza ngozi na matamvua. Bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha nitrati iliyo nafuu, huchukua wiki 4 hadi 8 kuenea kwenye sifongo la chujio.

Basi jaza maji, washa chujio, tia amonia isiyo na sabuni wala manukato hadi ifike miligramu 2 kwa lita, ili kuwalisha bakteria hao kabla mnyama hajaja. Pima kila siku, na ikishuka ongeza. Tangi limekomaa pale kiasi hicho kinapoisha ndani ya saa 24 huku nitriti ikisoma sifuri. Hapo badilisha sehemu kubwa ya maji, nitrati ishuke chini ya miligramu 20 kwa lita, ndipo umlete mnyama. Wengi huiharibu kazi hii yote kwa kuosha sifongo bombani: klorini huwaua bakteria wale wale. Lisuuze kwenye ndoo ya maji yaliyotoka tangini. Maji mapya nayo yatiwe dawa ya kuondoa klorini. Kuyalaza usiku kucha hakuondoi kloramini, yaani klorini iliyounganishwa na amonia.

Joto ndilo linalonitia uchungu zaidi. Aksolotli ni salamanda wa maji baridi ya Xochimilco, Meksiko, lakini huwekwa kama samaki wa maji ya uvuguvugu. Nyuzi za Selsiasi 16 hadi 18 ndizo zake. Zikikaa juu ya 20 hudhoofika, na kwenye 24 maisha yake yamo hatarini. Feni inayopuliza juu ya maji hupunguza nyuzi 2 au 3 tu. Ambaye chumba chake hushinda kwenye 28 anahitaji mashine ya kupoza maji, na kama hana uwezo nayo, asifuge.

Changarawe isitumike kabisa. Mnyama huyu hula kwa kufungua kinywa ghafla na kufyonza kilicho mbele yake, mawe yakiwemo, na utumbo huziba. Sakafu tupu inatosha. Mmoja apewe angalau lita 75, ingawa mimi ningesema 150, na tangi liwe refu kuliko kwenda juu, lenye kifuniko, maana huruka. Hana kope, kwa hiyo mwekee pango la kukwepa mwanga. Samaki wasichanganywe naye; humdonoa matamvua.

Matamvua yakijipinda kuelekea mbele, mkondo wa chujio una nguvu mno: elekeza bomba lake kwenye ukuta wa tangi. Mkondo ukiwa mpole na bado yamejipinda, au akikataa nyungunyungu, pima amonia na joto kabla ya kukimbilia dawa yoyote.

Mfugaji wa aksolotli