Kwa Bakari, kuhusu usukani wa pikapu yako

Malindi,
Jumapili usiku

Sahibu yangu Bakari,

Assalaam aleikum. Huku sote tu wazima, alhamdulillah. Upepo wa kusi umeshaanza, na ukiliegesha gari karibu na bahari jioni, asubuhi unakuta kioo kimeganda chumvi.

Ujumbe wako nimeupata, na nimefurahi kwamba pikapu imeanza kukulipa. Ila lile neno ulilolitia mwishoni halijanipa usingizi. Umesema usukani unacheza kidogo na unalia tik ukikata kona, na kwamba utauangalia baada ya Maulidi kwa sababu sasa mizigo ya kutoka Mpeketoni kwenda Mokowe ni mingi. Bakari ndugu yangu, usingoje Maulidi. Liegeshe leo.

Unaikumbuka ile pikapu nyeupe niliyokuwa nikibebea chumvi ya Gongoni? Nilikwambia niliiuza kwa kuwa ilikuwa imechoka. Ukweli sikukwambia wote. Usukani wake ulianza hivyo hivyo, kwa tik. Fundi mmoja akasema ni boli jointi, vile viungo vya magurudumu, tukabadilisha zote mbili za mbele, na sauti haikukoma. Mimi nikaizoea. Mtu huzoea, na hilo ndilo linaloniogofya nikikusoma wewe.

Siku hiyo nilikuwa na magunia ishirini nyuma, na Salimu amekaa ubavuni mwangu. Tumeshaipita Mambrui, tunaelekea daraja la Sabaki. Lori likaja mbele yetu, nikasogeza usukani kushoto kidogo kulipisha. Usukani ukazunguka robo nzima mkononi mwangu, mwepesi, hauna uzito wowote, na gari halikugeuka. Nikaurudisha kulia: vile vile. Salimu akaniuliza, "Baba, mbona umeachilia usukani?" Na mimi nimeukamata kwa mikono miwili.

Nilikanyaga breki. Lori lilipita, Mungu mwenyewe anajua kwa nafasi gani. Gari likafuata mteremko wa barabara, likatoka kushoto, likazama kwenye mchanga na kusimama mbele ya mnazi. Dereva wa lori alirudi mbio kwa miguu akitudhania tumekufa. Salimu alikuwa na miaka tisa.

Tulipoivuta mpaka gereji nililala chini yake mwenyewe. Ile shafti inayotoka kwenye usukani hushuka ndani ya bomba lake, ikatoboa ukuta wa mbele, ikafika kwenye boksi ya usukani iliyofungwa kwenye chasisi. Kule chini kuna jointi iliyovishwa juu ya kichwa cha shafti chenye meno madogo madogo, ikabanwa kwa boliti moja tu. Boliti hiyo hupita katika mfuo uliokatwa kwenye yale meno, ili hata nati ikilegea, jointi isichomoke. Gari langu lilikuwa limefunguliwa boksi kabla sijalinunua. Aliyeifunga alipoteza boliti yake, akatia nyembamba iliyokuwa karibu. Ikawa haibani, inapwaya tu. Kila kona meno yakasagana kidogo, miezi na miezi. Nilipopitisha ukucha juu ya kichwa kile haukukwama popote, kilikuwa laini kama mpini wa jembe. Na pembeni mwa jointi palikuwa na unga mwekundu, mwembamba kama pilipili ya kusaga. Ule unga ni chuma kinachosuguana na chuma. Ulikuwepo siku zote, ningeinama tu ningeuona.

Kwa hiyo tafuta unga huo kwanza. Zima gari, matairi yatazame mbele. Mtu akae ndani autikise usukani kushoto na kulia, polepole, nusu ya kiganja. Wewe ingia chini na tochi. Ukiona shafti inazunguka na jointi imetulia, ni meno. Jointi ikisogea upande mmoja na mwingine ukachelewa, ni msalaba wake wa ndani. Kama badala ya jointi gari lako lina lile duara la raba, liangalie limepasuka au limevimba kwa oili inayodondoka kutoka injini. Shafti na jointi zikienda pamoja lakini mkono wa chini ya boksi haufuati, basi tatizo ni boksi. Na ikiwa usukani wenyewe unapanda na kushuka ukiunyanyua, ni bushi au bearingi za juu, au boliti zinazoshika bomba chini ya dashibodi zimelegea.

Utaambiwa ulehemu. Mimi niliambiwa na watu watatu, na kwa bei nzuri. Usikubali. Chuma cha shafti kimekazwa kwa moto kiwandani, na moto wa kulehemu unauharibu ukazo ule. Kinakatika kando ya mshono bila kulia hata tik. Nunua jointi na shafti.

Ukinunua kuukuu, angalia sana. Mimi nililetewa moja nzuri kwa macho, imepakwa rangi. Nikashika ncha mbili nikavuta: ikaingia na kutoka kama pampu ya baiskeli. Shafti nyingi ni vipande viwili vilivyoingiliana, vimeshikwa na pini za plastiki. Gari likigonga, pini zinakatika na shafti inajifupisha, usukani usije ukampasua dereva kifua. Marekani waliifanya kinga hiyo kuwa sheria kwa magari madogo tangu 1968. Sasa ile niliyoletewa ilikwishagonga, kazi yake imekwisha. Na ndiyo sababu sitaki mtu akutolee usukani kwa nyundo. Ukiigonga ile ncha ya juu unazikata pini zile zile. Usukani hutolewa kwa pula, kile chombo cha kuuvuta polepole.

Jambo jingine, umesema ufunguo wako unachomoka wenyewe barabarani. Hilo nalo si dogo. Swichi ikirudi nyuma, ile pini ya kufuli inaweza kuingia na usukani ukakwama gari linakwenda. Badilisha swichi safari hiyo hiyo, na usizime injini ukiwa unateremka ati uokoe mafuta.

Nimempa kondakta wa basi la Jumatano asubuhi kifurushi chako, kichukue Mokowe. Ndani mna pula ya marehemu baba, boliti mbili zilizoandikwa 8.8 kichwani, alama ya uimara wa chuma chake, na nati nne zenye plastiki ndani. Nati hizo zikishafunguliwa hazirudiwi. Pula nitaihitaji, nirudishie ukimaliza. Ukishaingia chini ya gari nipigie kabla hujafungua kitu, unieleze ulichokiona.

Mpe shemeji salamu zangu. Salimu anamwamkia ami yake.

Wasalaam,
Ndugu yako Omari