Mpwa wangu, mwamba ule si mtupu

Mpwa wangu,

Siku ile uliposema kwamba kila ardhi iliyo wazi ipandwe miti, sikukujibu. Watu walikuwa wengi, na wewe ulikuwa unaongea kwa moyo. Nakujibu leo, tena hadharani, maana najua wanaofikiri kama wewe ni wengi.

Kaskazini mwa jimbo la Vermont, Marekani, kuna kangaga (mmea usio na maua, uzaao kwa chembe ndogo ziitwazo spora) liitwalo Adiantum viridimontanum. Bua lake ni jeusi, linang'aa, na juu hugawanyika pande mbili zilizopinda, zikabeba vijani kama vidole vya mkono uliokunjuliwa. Duniani kote linajulikana huko Vermont, Quebec nchini Kanada, na kidogo kwenye pwani ya Maine. Basi.

Kote huko limeshika mwamba wa serpentini na jamaa zake. Udongo wa mwamba huo ni adhabu kwa mimea mingi: magnesiamu imezidi, kalsiamu ni kidogo, kuna nikeli na kromi, nitrojeni na fosforasi ni haba. Tena ni mwembamba, haushiki maji. Miti hudumaa hapo, na kwa kudumaa kwake jua linafika chini. Wewe ungeona kasoro, ungetafuta mbolea.

Asili yake ndiyo inayonigusa zaidi. Limetokana na spishi mbili: Adiantum pedatum, lipendalo msitu wenye udongo wenye rutuba, na Adiantum aleuticum, ambalo upande ule wa mashariki huishi kwenye serpentini. Chotara wa namna hiyo kwa kawaida huwa tasa. Lakini kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba urithi ndani ya seli, zilijirudufu, zikawa seti nne badala ya mbili, na spora zake zikaweza kuota. Kwa miaka mingi watu walilipita wakidhani ni Adiantum aleuticum, kwa sababu kwa macho yanafanana mno. Mtaalamu wa mimea Cathy Paris ndiye aliyelieleza rasmi kuwa spishi, mwaka 1991. Mtu angemwaga udongo wa kuletwa juu ya miamba ile kabla ya hapo, lingetoweka hata jina halijapata.

Lipo na jambo gumu, sitakuficha. Mwamba huohuo ndio wenye asbesto. Mlima Belvidere, huko Vermont, ulichimbwa asbesto miaka mingi, hadi mgodi ulipofungwa mwaka 1993. Uchimbaji humeza makazi ya kangaga hili. Lakini pia limeonekana likistawi kwenye kingo za barabara zilizochongwa mwambani na kwenye vifusi vya migodi, kwa kuwa hapo pana jua na udongo kiduchu. Kwa hiyo haitoshi kuzungushia uzio ukaenda zako. Lazima mtu arudi kuangalia kivuli kimefika wapi. Mashina makubwa yanaonekana kuishi muda mrefu, lakini machanga yanayofikia kukomaa ni machache. Shina moja likisagwa na katapila, pengo lake halizibwi upesi.

Unasomea misitu. Iko siku utapewa ramani yenye doa lililoandikwa "ardhi tupu" na uulizwe miche mingapi inahitajika. Nenda kwanza kwa miguu yako, uiname, uangalie kilichoota kwenye nyufa. Pima udongo. Ukikuta magnesiamu imeipita kalsiamu kwa mbali, nipigie simu kabla hujaagiza mche hata mmoja.

Mjomba wako