Asante, mzee wa kofia ya njano

Jumamosi tukitoka Tennessee, mpira wa rejeta ulipasuka karibu na Abingdon, Virginia. Jua linazama, mtoto analia.

Akasimama mzee mwenye pikapu, kofia yake ya njano imepauka, ina namba 4. Hakukimbilia kufungua mfuniko. Alituambia tusubiri injini ipoe. Kisha akakata sehemu iliyopasuka, akavuta mpira uliobaki, akaukaza kwa klipu kutoka boksi lake, akajaza maji. Akatufuata nyuma polepole, taa za hatari zikiwaka, hadi kituo cha mafuta. Pesa alikataa.

Tukisubiri pale, nilimuuliza kuhusu kofia. Kumbe mji ule mdogo ulikuwa na timu ya NASCAR (mashindano ya mbio za magari Marekani), Morgan-McClure, ya ndugu wa familia ya McClure na mwenzao Tim Morgan, tangu 1983, mbali na Charlotte kulikojaa timu kubwa. Chevrolet yao namba 4 ilishinda Daytona 500, mbio maarufu kuliko zote za NASCAR, mara tatu: 1991, 1994 na 1995. Ushindi wa mwisho ulikuwa kwenye mbio za Martinsville, 1998. Mdhamini wao Kodak akaondoka (biashara ya filamu za kamera nayo ilikuwa taabani), na bila mdhamini gari halitoki gereji. Timu ikafungwa. Mzee alisimulia kama anayetaja msiba wa jirani.

Jina sikumuuliza, ndiyo maana naandika. Nanyi madereva wenzangu, wekeni klipu mbili na dumu la maji kwenye buti. Mzee, tulifika Roanoke saa tano usiku. Klipu yako bado iko palepale.