Kabla hujatuletea mwandishi au klabu ya vitabu dukani

Ujumbe tunaoupata kwenye duka letu la vitabu huwa wa aina mbili. Mmoja unatoka kwa mwandishi: kitabu kimetoka kiwandani, anaomba aje Jumamosi hii azungumze na wasomaji. Mwingine unatoka kwa marafiki watano au sita wanaotaka kuanzisha klabu ya vitabu na wanatafuta mahali pa kukutana. Wote wawili tunawaambia karibuni sana, ila si Jumamosi hii. Tunaomba wiki sita, na hapa tunaeleza wiki hizo zinakwenda wapi.

Mazungumzo ya kitabu huharibika au hupona kabla ya siku yenyewe. Kinachoamua ni idadi ya watu watakaoingia mlangoni wakiwa wameshakisoma. Wakiwepo saba kati ya ishirini, mazungumzo yanashika, kwa sababu saba hao wanauliza mambo yanayowatia hamu wale kumi na watatu. Asipokuwepo hata mmoja, mwandishi analazimika kusimulia hadithi yake tangu mwanzo, na mtu aliyesimuliwa kitabu chote hana tena haja ya kukinunua. Ndiyo maana vitabu vinatangulia rafuni kwetu angalau wiki nne kabla, mwandishi anafuata.

Kupata nakala si jambo la siku moja. Mchapishaji aliyepo hapa Dar es Salaam anaweza kutupatia boksi kwa bodaboda kesho yake. Wa Nairobi anahitaji siku kadhaa za basi na mpakani. Vitabu vya kutoka Ulaya tunahesabu kwa wiki. Waandishi waliojichapishia wenyewe tunafanya nao mali kauli: unaleta nakala 20, tunahesabu pamoja, tunaandikiana karatasi mbili zenye saini, moja yako na moja yetu. Duka linabaki na asilimia 35 ya bei ya jalada. Kitabu cha shilingi 20,000 kinakupa 13,000, na 7,000 yetu inakwenda kwenye pango, mhudumu, na nakala zitakazochafuka mikononi mwa wateja, ambazo hasara yake tunaibeba sisi. Malipo yanafanyika siku 14 baada ya shughuli. Jambo moja tunalisisitiza kwa upole lakini bila kulegeza: siku ya shughuli usiuze nakala za kwenye begi kwa 15,000 huku rafuni zipo kwa 20,000. Wateja walionunua wiki iliyopita wapo palepale kwenye viti, na wanaona.

Nakala zikifika tunazipitia moja moja. Vitabu vilivyochapwa kwa ofseti hukunjwa kwa mafungu, mara nyingi la kurasa 16, kwa hiyo kosa la kiwandani halili ukurasa mmoja: fungu zima linakosekana, linarudiwa mara mbili au limefungwa juu chini. Fungua nakala tatu za kila boksi uhakikishe namba za kurasa zinafuatana hadi mwisho. Kisha kifungue kitabu katikati na ukilaze mezani. Mgongo ukilia na kurasa zikianza kuachia, gundi haikushika, na kitabu hicho hakitafika kwa msomaji wa pili. Tazama pia kama ISBN (namba ya utambulisho wa kitabu) iliyo nyuma ndiyo hiyohiyo ya ukurasa wa haki miliki ndani. Namba za Tanzania, zinazotolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, huanza na 978 kisha 9976 au 9987.

Tofautisha mazungumzo na uzinduzi. Uzinduzi una mgeni rasmi, meza kuu, MC, utambulisho wa wageni mmoja mmoja, na nakala ya kwanza inayonunuliwa kwa bei ya kuchangia. Ni shughuli ya heshima na inastahili ukumbi. Duka letu lina nafasi ya viti 28 tukisogeza rafu mbili za magurudumu, na dakika 90 tu. Utambulisho ukila dakika 40, kitabu kinabakiwa na 50. Wanaotaka vyote viwili tunawashauri wafanye uzinduzi kwanza, kisha waje kwetu wiki tatu au nne baadaye, wakati walionunua siku ya uzinduzi wameshasoma.

Tunaanza saa 10 kamili jioni, Jumamosi. Kwa hapa Dar swala ya alasiri inakuwa imeshapita, na tukimaliza saa 11:30 mtu anawahi magharibi na anawahi foleni kabla haijafunga. Mwezi wa Ramadhani tunahamia Jumapili saa 4 asubuhi. Machi hadi Mei, msimu wa masika, tunaacha kipaza sauti kando: mvua ikipiga bati, spika ndogo haishindani nayo. Tunavuta viti kuwa duara mbili karibu karibu na watu wanazungumza kwa sauti zao. Spika yetu inatumia betri, hivyo umeme ukikatika tunaendelea. Ikianza kupiga mluzi, ujue kipaza sauti kimesogea mbele ya spika. Mwenye nacho arudi nyuma yake, mluzi unakata.

Mwandishi asome dakika saba, si zaidi. Ukurasa wa maneno 300 ukisomwa kwa sauti, kwa mwendo wa kueleweka, unachukua karibu dakika tatu, kwa hiyo ni kurasa mbili na kidogo. Weka alama ya penseli pa kuanzia na pa kuishia. Chagua kipande kisichohitaji maelezo ya zaidi ya sentensi mbili, na epuka mahali penye majibizano ya watu wanne. Macho yanaona alama za mtajo, masikio hayazioni, na baada ya mistari sita hakuna anayejua nani anamjibu nani.

Atakayeongoza mazungumzo ni muhimu kuliko spika, viti na matangazo vikijumlishwa. MC mzuri wa harusi si lazima awe mwongozaji mzuri wa kitabu. Tunamtaka mtu aliyekisoma chote, na tunampa nakala wiki tatu kabla. Aandike maswali manane, atatumia matano. "Tuambie kitabu chako kinahusu nini" ni swali la mtu ambaye hakusoma, na ukumbi mzima unalitambua. "Kwa nini huyu mama hatajwi jina mpaka sura ya nne?" linamfanya mwandishi akae sawa kwenye kiti, na waliosoma wanaanza kufungua kurasa kutafuta.

Kuna desturi tumeiacha, ya kukusanya maswali matatu matatu kabla ya kujibu. Inaonekana inaokoa muda, lakini mwandishi hujibu la kwanza kwa kirefu, la pili amelisahau, la tatu analijibu kwa neno moja, na aliyeuliza anakaa kimya jioni nzima. Tunachukua moja, linajibiwa, tunakwenda jingine. Kipaza sauti anakishika mhudumu wetu, hakiachi mkononi mwa muulizaji. Hatufanyi hivyo kwa kumdharau mtu. Mwenye kipaza sauti mkononi hutoa maoni, historia na salamu kabla ya kufika kwenye swali, na saa haimsubiri. Wenye haya wanaandika kwenye kadi ndogo zilizoko kwenye viti, na maswali mazuri kuliko yote mara nyingi yanatoka huko.

Kusaini kuna foleni yake na makosa yake. Kalamu ya jeli ni nzuri kwenye karatasi ya krimu isiyong'aa, ambayo inafyonza wino. Kwenye karatasi ya kung'aa, kama ya vitabu vya watoto vyenye picha, wino unabaki juu na ukifunga kitabu unahamia ukurasa wa pili. Hapo tumia kalamu ya wino wa kudumu na uache kitabu wazi kwa dakika moja. Mhudumu anapita kwenye foleni akiandika jina la kila mtu kwenye karatasi ya kubandika, kwa herufi kubwa, na kuibandika ukurasa wa kusainiwa. Mwanaisha si Mwanaasha, Khadija si Hadija, na Zuwena anaweza kuwa Zuena. Nakala iliyosainiwa kwa jina lisilo lake haiuziki tena wala hairudi kwa mchapishaji. Kahawa na kashata zinatoka baada ya kusaini. Sambusa na vitumbua hatuviweki kabisa, kwa sababu doa la mafuta kwenye karatasi halitoki.

Klabu ya vitabu ni kazi ya mwendo mrefu zaidi. Idadi inayofaa ni watu wanane hadi kumi na wawili. Chini ya sita, wawili wakipata udhuru mnabaki mnatazamana. Zaidi ya kumi na wanne, wanaozungumza ni walewale watano, na waliobaki wanageuka watazamaji kisha wanaacha kuja. Afadhali mgawanyike makundi mawili yanayosoma kitabu kimoja. Kitabu cha kurasa 240 kwa wiki nne ni kurasa 60 kwa wiki, kama tisa kwa siku, na huo ni mwendo ambao mtu mwenye kazi na familia anaumudu. Anzeni na kifupi. Klabu nyingi zinakufa kwenye kitabu cha kwanza cha kurasa 500 kilichochaguliwa kwa sababu ya sifa zake.

Msichague kitabu kabla ya kutuuliza kama kinapatikana. Nakala zikiwa nne na wanachama kumi, kitakachofuata ni PDF kuzungushwa kwenye kundi la WhatsApp. Mwandishi hapati kitu, na hata mazungumzo yenyewe yanaumia: PDF ina kurasa zake, kitabu kina zake, na nusu ya muda inapotea kwenye "wewe uko ukurasa gani?" Tupeni wiki tatu tutafute nakala za kila mwanachama, na mkichukua nane au zaidi kwa pamoja tunapunguza asilimia 10.

Lugha si kikwazo kama mnavyodhani. Riwaya ya Abdulrazak Gurnah ya mwaka 1994, Paradise, ipo kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyotolewa na Mkuki na Nyota. Klabu moja inaweza kuisoma kwa lugha zote mbili. Mtaje sura badala ya namba ya ukurasa. Zipo sita, kwa hiyo mikutano miwili ya sura tatu tatu inatosha. Mtu mmoja asome aya kwa Kiingereza, mwingine aisome ileile kwa Kiswahili, kisha mjadili mfasiri alichoamua. Jioni ya namna hiyo watu wanasahau kutazama saa.

Kiongozi wa klabu abadilike kila kitabu. Akibaki mmoja, akisafiri klabu inasimama. Mwenye zamu anatuma maswali matatu kwenye kundi siku tano kabla, na yule ambaye hakumaliza anakuja vilevile, mradi akubali kwamba mwisho wa hadithi utatajwa. Kumkataza aliyeshindwa kumaliza ni kumfukuza polepole.

Ukituandikia kuomba nafasi, tuma jina la kitabu, ISBN, bei ya jalada, idadi ya nakala unazoweza kuleta, tarehe mbili unazopendelea na kama unaye wa kuongoza mazungumzo. Klabu zitume idadi ya wanachama na vitabu vitatu mnavyovifikiria kwa mpangilio wa upendeleo. Nafasi ya duka haina malipo. Tunajibu ndani ya siku tatu za kazi, tukiwa tumeshapiga simu kwa wachapishaji kujua nakala zipo ngapi.